Mashua Kuukuu ya Mjomba

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mikorosho, mihogo, mbaazi na ufuta. Nilizaliwa Newala, na sasa ninafanya kazi katika vijiji vya Masasi. Kwetu hakuna bahari. Mtu akisimama Newala mjini, mahali panapoitwa Shimo la Mungu, anaona bonde la mto Ruvuma chini kabisa. Ng'ambo ya mto anaona Msumbiji. Bahari haioni.

Kwa hiyo utauliza: bwana shamba wa Masasi ana habari gani za mashua? Ninazo. Mashua moja kuukuu ilinipa somo juu ya maji, na somo hilo linatufaa sana sisi wa uwanda wa Makonde. Soma polepole, kisha tujadiliane.

MASHUA YENYEWE

Mashua ni ya mjomba wangu. Yeye na mama yangu ni wa tumbo moja. Alishuka pwani akiwa kijana kutafuta kazi. Akakaa Mikindani, akajifunza ubaharia, kisha uvuvi. Akaoa huko huko. Katika miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya kisomo cha watu wazima, alijifunza kusoma na kuandika. Tangu hapo ana daftari lake, na kila jambo la kazi yake analiandika.

Alipopata fedha alinunua mashua ya mbao yenye tanga moja. Urefu wake ni kama mita 9. Kwa mashua hiyo alilisha nyumba na kusomesha watoto. Lakini mbao huzeeka kama watu. Mashua ilianza kuingiza maji, na wavuvi wakawa wanafua maji kuliko kuvua samaki. Mwisho ikavutwa pembeni, ikalala katika matope ya mikoko. Ililala hapo miaka mitatu.

Mwaka 2018 watoto wake wawili wa kiume walisema basi. Walitaka kuiuza iwe kuni. Wachoma chokaa walikuwa tayari kuinunua. Vijana walitaka kuchukua fedha hiyo, kuongeza mkopo, na kununua boti ya faiba yenye injini. Mjomba alikataa. Maneno yakawa mengi. Ikafika siku baba na watoto hawali pamoja.

Habari ikamfikia mama yangu Newala. Akaniita, akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mpwa wake. Kwa mila yetu una neno katika mambo ya mjomba wako. Nenda. Lakini usiende kusema. Nenda kusikiliza."

Nikachukua likizo. Nikapanda basi Masasi, tukapita Ndanda, Mtama na Mnazi Mmoja, na jioni nikashuka Mikindani.

MANENO YA PANDE MBILI

Usiku ule tulikaa barazani. Nikamwamkia mjomba, "Shikamoo mjomba." Akajibu, "Marahaba mpwa wangu. Umekuja kunizika au kunisaidia?" Nikasema, "Nimekuja kusikiliza."

Kijana mkubwa alisema kwanza. "Kaka, tanga linangoja upepo. Siku hakuna upepo, hakuna samaki. Injini haingoji. Asubuhi unakwenda, jioni umerudi, samaki wabichi wanauzwa. Na mashua ile imeoza. Tutatia fedha katika kuni."

Mjomba naye akasema. "Injini haingoji upepo, lakini inangoja petroli. Upepo hauuzwi dukani. Siku samaki ni wachache, petroli utainunua kwa nini? Na deni la boti halingoji upepo wala samaki. Mimi nataka mashua iwe nyumba. Tukae baharini siku 10 bila kumwomba mtu kitu."

Hapa inafaa nieleze neno moja la pwani. Wavuvi wana safari inayoitwa dago. Maana yake ni kuhama nyumbani kwa muda na kwenda kukaa kule waliko samaki. Wengine hulala ufukweni katika vibanda. Wengine hulala katika chombo chenyewe. Mjomba alitaka mashua yake itengenezwe kwa maisha ya namna hiyo. Alitaka iwe na maji yake, jiko lake, chakula chake na taa yake.

Niliona kwamba pande zote mbili zina ukweli. Mtoto hakuwa mvivu, na mzee hakuwa mkaidi bure. Walichokosa ni kipimo. Hakuna aliyejua mashua imeoza kiasi gani. Nikawauliza, "Nani anaweza kuipima?" Wote wakamtaja fundi mmoja mzee. Tukakubaliana hivi: fundi akisema mashua haifai, inauzwa kuni na mjomba hatasema neno. Akisema inafaa, inatengenezwa na vijana watashika nyundo.

FUNDI ANAPIMA

Fundi alikuja maji yalipokupwa. Hakusema sana. Alitoa nyundo ndogo na kisu chenye ncha. Alianza chini, kwenye mkuku. Mkuku ni gogo refu lililo chini ya chombo, toka mbele hadi nyuma. Ni kama uti wa mgongo wa mtu. Aligonga kila hatua moja na kutega sikio. Mbao nzima hulia kwa sauti kavu. Mbao iliyooza hulia kama boga. Akipata sauti ya boga, anachoma kwa kisu.

Kisha akaenda kwenye mataruma. Mataruma ni miti iliyopinda inayoshikilia mbao za ubavuni. Ni kama mbavu za mtu. Mwisho akapima mbao moja moja. Kwa mkaa aliweka alama ya msalaba kwenye kila mbao mbovu.

Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Vijana walikuwa wanamtazama, na mjomba alikuwa anamtazama. Mimi nilikuwa nawatazama wao. Fundi alipomaliza alinawa mikono, akasema, "Mkuku ni mzima. Mataruma manne yamekufa. Mbao saba zimeliwa na wadudu wa baharini. Zilizobaki ni nzima kuliko mbao mtakazonunua leo. Chombo hiki kinapona."

Kijana mkubwa alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Tuanze lini?" Hapo nikajua kwamba ugomvi umekwisha.

KAZI YA MATENGENEZO

Kwanza mashua iliinuliwa juu ya magogo, mbali na maji. Ikaachwa ikauke. Mbao saba zikang'olewa pamoja na mataruma manne. Taruma hachongi mtu kwa kukata mbao iliyonyooka. Fundi hutafuta tawi lililopinda lenyewe, ili nguvu ya mti ifuate mpindo wake. Mti ulionyooka ukilazimishwa hupasuka. Jambo hilo lilinipendeza kama bwana shamba, kwa sababu sisi tukiona tawi lililopinda tunaliita kuni.

Mbao mpya zilikuwa za mkongo, mti ambao hata huku kwetu tunaufahamu. Zilinunuliwa kwa mwenye kibali cha kuvuna miti. Fundi alizichonga kwa tezo na kutoboa matundu ya misumari kwa keke. Misumari ilikuwa ya chuma iliyopakwa zinki ili isile kutu upesi.

Ikafuata kazi ya kukalafati. Kukalafati ni kuziba nafasi zilizo kati ya mbao na mbao. Pamba husokotwa, hutiwa mafuta, na kugongwa ndani ya ufa kwa patasi butu na nyundo. Pamba ikilowa maji huvimba na kuziba kabisa. Hapa vijana walifanya kazi siku nyingi. Ukipita Mikindani wakati huo ungesikia ko, ko, ko, tangu asubuhi hadi jua linapozama.

Mwisho ni kupaka. Sehemu ya juu hupakwa sifa. Sifa ni mafuta ya samaki, hasa papa. Yananuka sana, lakini yanalinda mbao na jua na mvua. Sehemu iliyo chini ya maji hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Deheni huwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Lakini haidumu. Kila baada ya miezi michache chombo huvutwa nchi kavu, chini husafishwa na hupitishiwa moto wa makuti makavu ili wadudu wafe. Kisha hupakwa upya.

Nilimwambia fundi habari moja ya korosho. Katika jimbo la Kerala, nchini India, wavuvi wamezoea kupaka mbao za boti mafuta ya maganda ya korosho ili zisiliwe na wadudu. Fundi alicheka sana. Akasema, "Kumbe huko Newala mnatupa dawa ya vyombo!" Lakini nawaonya wasomaji: mafuta yale huchoma ngozi vibaya. Mtu asiyejua kazi hiyo asiyaguse.

NYUMBA JUU YA MAJI YA CHUMVI

Mashua ikawa nzima. Lakini mashua nzima siyo nyumba. Mjomba alitoa daftari lake na kuanza kuhesabu, na hapa ndipo nilipofungua masikio yangu.

Jambo la kwanza ni maji ya kunywa. Baharini maji yako kila upande, na huwezi kunywa hata kikombe. Huwezi kwenda kwa jirani kuomba. Maji uliyopakia ndiyo yako. Mjomba alihesabu hivi. Watu ni wanne. Kila mtu anahitaji lita 5 kwa siku, kwa kunywa na kupika. Jumla ni lita 20 kwa siku. Hiyo ni dumu moja kwa siku moja. Siku 10 ni madumu 10.

Akaongeza madumu manne ya akiba. Akachukua rangi na kuandika namba juu ya kila dumu, kwa mkono wake mwenyewe, 1 hadi 14. Namba 1 hadi 10 aliandika kwa rangi nyeupe. Namba 11 hadi 14 aliandika kwa rangi nyekundu. Akatoa sheria. Kila alfajiri linafunguliwa dumu moja tu. Dumu likiisha mchana, hakuna jingine hadi alfajiri. Na dumu jekundu haliguswi, ila upepo ukikataa au mtu akiugua. Alisema, "Maji ya kurudi hayanywewi wakati wa kwenda."

Mvua ikinyesha wanatandaza turubai na kukinga maji. Lakini mvua haihesabiwi. Ikija ni zawadi.

Jambo la pili ni moto. Chombo ni mbao na mafuta, na moto ni hatari. Fundi alitengeneza sanduku lenye mchanga mwingi ndani. Juu ya mchanga likawekwa jiko banifu la udongo, ambalo kuni chache zinatosha kupikia. Kuni zinahesabiwa kama maji. Ndoo ya mchanga inakaa karibu.

Jambo la tatu ni chakula. Hapa uwanda wetu una sehemu yake. Mama yangu alileta makopa, mbaazi, choroko na njugu mawe. Vyakula hivyo ni vikavu na havioshi haraka kuoza vikiwekwa pakavu. Waliongeza chumvi, nazi na ndimu. Kitoweo kinatoka baharini. Samaki wanaozidi hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani kwenye chanja. Kwa hiyo hawahitaji barafu. Wakirudi nyumbani, ng'onda wanapanda basi hadi Masasi na Newala. Makopa yameshuka, samaki wamepanda.

Jambo la nne ni mwanga. Walinunua kioo kidogo cha sola, betri na taa mbili. Taa moja ni ya kupikia. Nyingine hutundikwa juu usiku ili vyombo vingine visiwagonge. Betri hiyo hiyo huchaji simu na redio. Mjomba alisema redio ni baharia wa tano.

Jambo la tano ni uchafu. Mabaki ya chakula hupewa samaki. Plastiki, chupa na nyuzi za nyavu hutiwa katika gunia na kurudishwa nchi kavu. Choo ni ndoo yenye majivu na kifuniko, na hufukiwa ardhini wanapoteremka.

Jambo la sita ni uhai wenyewe. Kila mtu ana jaketi lake la kuokolea maisha. Na samaki huvuliwa kwa nyavu zinazoruhusiwa na mishipi. Kusini mwa Mtwara kuna hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ilianzishwa mwaka 2000. Pwani ile iliumizwa sana na wavuvi wa baruti. Baruti huua samaki wakubwa na wadogo, na huvunja matumbawe ambayo ni nyumba yao. Mjomba husema hivi: mtu anayepiga baruti anakula mbegu yake. Mkulima anaelewa maneno hayo.

REDIO ILIPOSEMA

Mashua ilirudi majini mwishoni mwa mwaka 2018. Mambo hayakuwa mazuri siku zote. Safari ya kwanza hawakupata samaki wa kutosha hata kulipa chumvi. Safari ya pili walipata. Kijana mkubwa alikuwa bado anataka injini.

Jaribio kubwa lilikuja Aprili 2019. Walikuwa wamepakia kila kitu kwa ajili ya dago. Madumu 14 yalikuwa yamejaa. Redio ikasema Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari: kimbunga Kenneth kinakuja upande wa Mtwara na kaskazini mwa Msumbiji. Mbingu ilikuwa bado safi. Baadhi ya wavuvi walicheka. Mjomba hakubishana na mtu. Alishusha tanga, akaipeleka mashua ndani kabisa kwenye mikoko, akaifunga kwa kamba nne. Wakateremsha maji na chakula, wakakaa nyumbani.

Tarehe 25 Aprili kimbunga kilipiga Msumbiji, jimbo la Cabo Delgado. Huko watu walikufa na maelfu ya nyumba yaliharibika. Mikindani haikupigwa vile. Mtu anaweza kusema mjomba alipoteza siku zake bure. Nilimpigia simu kumuuliza kama anajuta. Akanijibu, "Mpwa wangu, siku tano za samaki zinarudi. Mtoto harudi."

Mwaka uliofuata kijana mkubwa alinunua injini ndogo, iliyotumika, kwa fedha ya samaki wakavu. Hakukopa. Wanaitumia siku upepo unapokufa, na wanapoingia bandarini. Siku nyingine zote wanatumia tanga. Kwa hiyo kila mmoja alipata alichokuwa anakitaka. Wanakula sahani moja.

WENZETU WA LAMU

Mwaka ule ule wa 2018, huko Lamu nchini Kenya, mafundi walifanya jambo la ajabu. Fundi Ali Skanda na wenzake walitengeneza jahazi dogo kwa plastiki iliyookotwa, bila mbao. Walikusanya kama tani 10 za plastiki kutoka fukwe na mitaa, pamoja na ndala kuukuu kama 30,000. Jahazi hilo linaitwa Flipflopi. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, kama kilomita 500. Walitaka watu waone kwamba kitu kilichotupwa kinaweza kufanya kazi tena. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania nayo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki.

Mjomba alipozisikia habari za Lamu alisema, "Wao wametengeneza chombo kwa takataka. Sisi tulikuwa tunataka kufanya chombo kiwe takataka."

SISI WA UWANDANI

Sasa nirudi kwetu. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Udongo wetu ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji huzama chini mbali. Juu ya uwanda hakuna mto. Mama zetu walishuka mabondeni kuteka maji na kupanda mlima na mitungi kichwani. Mama yangu alikuwa anaamka usiku wa manane. Katika miaka ya 1950 ulianza mradi wa kusukuma maji kwa mashine kutoka bondeni hadi juu, na chanzo kimoja kikubwa kiko Mitema, karibu na Kitangari. Mradi huo umetusaidia sana. Lakini maji yanayopandishwa mlima yana gharama. Mashine ikisimama, bomba hukauka, na dumu moja hupanda bei.

Basi sisi nasi tuko katika chombo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Huo ndio wakati wa kupakia. Kuanzia Mei hadi Novemba tuko safarini, na hakuna pa kupakia tena.

Katika uwanja wa nyumba ya mama kuna kisima cha saruji cha kuhifadhia maji ya mvua. Alikijenga marehemu baba. Kilikuwa na nyufa na hakikushika maji kwa miaka mingi. Wajukuu walikuwa wanatupa takataka humo, na ndugu wakasema kifukiwe. Niliporudi kutoka Mikindani nilimwita fundi mwashi. Nikamwomba apime kwanza, kama nilivyoona chombo kinavyopimwa. Akashuka ndani na nyundo. Akagonga kuta zote na sakafu. Akasema ukuta mmoja umelegea, na sakafu ina ufa mrefu, lakini kuta tatu ni nzima.

Ufa ulichimbwa, ukapanuliwa, ukazibwa kwa saruji nzito. Ukuta mbovu ulijengwa upya. Ndani kote kulipigwa lipu. Saruji ilimwagiwa maji kila siku kwa siku saba ili isipasuke. Tukaweka mfuniko, wavu wa kuzuia majani, na mifereji ya bati chini ya paa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta mmoja tulijenga, lakini kisima kizima hatukujenga.

Hesabu ya mvua ni rahisi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya eneo la mita moja kwa mita moja, unapata lita 1. Nyumba ya mama ina bati la urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Zidisha: 8 mara 6 ni 48. Mvua ya milimita 10 inatoa lita 480. Nyingine hupotea, tuseme zinabaki 400. Hayo ni madumu 20 kwa mvua moja ya wastani.

Na matumizi? Mama anaishi na wajukuu watatu. Ni watu wanne, kama katika mashua. Kwa kunywa na kupika ni lita 20 kwa siku. Miezi 7 ya kiangazi ni kama siku 210. Zidisha 20 mara 210, unapata lita 4,200. Kisima kinashika lita 5,000. Kwa hiyo maji ya kunywa na kupika yanatosha, na akiba iko. Maji ya kufua na ya mifugo ni hesabu nyingine.

Nilimsimulia mama habari ya madumu mekundu. Hakujibu neno. Siku ya pili alikata mti mwembamba ulionyooka, akautia alama kwa kisu, na sehemu ya chini akaipaka rangi nyekundu. Kila Jumamosi hutumbukiza mti huo kisimani na kumwita mjukuu asome alama. Jirani akija kuomba maji, humpa. Lakini yakifika kwenye nyekundu, anasema, "Haya ni ya Novemba." Na watu wanamwelewa. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na humaliza kisima pia.

Ndugu msomaji, kijijini kwenu kuna vyombo vingi vilivyolala matopeni. Kuna kisima cha zamani kilichojaa takataka. Kuna paa la bati la shule lisilo na mfereji. Kuna mikorosho mizee ambayo mtu anataka kuikata iwe mkaa, na kumbe wataalamu wa utafiti wa Naliendele wametufundisha kuipunguza matawi na kubebesha vikonyo vya mbegu bora. Usitupe kabla ya kupima. Mwite anayejua, agonge kwa nyundo, akuambie ukweli. Kama mkuku umeoza, achana nacho bila majuto. Kama ni mzima, shika kazi.

Na kabla mvua za Desemba hazijaanza, fanya mambo haya. Panda juu uangalie bati. Safisha mifereji. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, usiikinge. Funika kisima ili mbu na watoto wasiingie. Maji ya kunywa chemsha au tia dawa. Hesabu watu wa nyumbani kwako, zidisha kwa lita 5, zidisha kwa siku 210. Andika jibu ukutani, watu wote walione. Kisha kata mti wako, na upake sehemu ya chini rangi nyekundu.